Shati na Sketi: Ndugu Wawili wa Tumbo Moja

Mwanafunzi wa kike aendaye shule asubuhi ya baridi huko Werugha, katika milima ya Taita, huvaa shati na sketi. Kwa msemaji wa Kiswahili hayo ni majina mawili yasiyohusiana: moja la vazi la juu, jingine la vazi la chini. Yote mawili yametoka katika Kiingereza, na wapo wanaoyataja kuwa ni ushahidi wa ufukara wa Kiswahili. Historia ya maneno yenyewe haiungi mkono rai hiyo.

Asili ya yote mawili ni neno moja la kale, mzazi wa maneno ya jamii ya Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia. Neno hilo lilihusiana na maana ya ufupi: lilitaja vazi lililokatwa fupi. Katika vinywa vya Waingereza sauti ya mwanzo, sk, ililainika ikawa sh. Watu wa Skandinavia, walioanza kuzishambulia pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8 na baadaye wakalowea huko, waliibakiza sk. Hivyo Kiingereza kikajikuta na ndugu wawili, shirt wa nyumbani na skirt wa kuja. Hakikumfukuza mgeni, kiligawa kazi, mmoja akapewa kiwiliwili, mwingine kiuno na miguu.

Taita ilifikiwa na wamisionari, Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita Voi. Mavazi ya kizungu yakazidi kuenea nchini, na majina yake yakaingia katika Kiswahili kwa sheria za Kiswahili. Sauti ya r iliachwa, kwa kuwa Waingereza wengi wenyewe hawaitamki mahali hapo. Irabu ikatiwa mwishoni. Irabu ya katikati, ambayo Kiswahili hakina, ilisikika a katika shati na e katika sketi, kama ilivyo katika nesi. Shati likapata wingi wake, mashati. Sketi ikabaki sketi.

Neno shule nalo lina kisa kama hicho. Limetoka kwa Wajerumani, waliotawala ng'ambo ya mpaka wa Taveta hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Unguja na Pemba husema skuli, kutoka Kiingereza. Yote mawili asili yake ni Kilatini, nacho kilikopa kwa Wayunani; na hapa tena ni sk upande mmoja na sh upande wa pili.

Basi atakayekiita Kiswahili fukara kwa sababu ya shati na sketi, hana budi akiite hivyo Kiingereza pia, ambacho sketi yake ilikuwa ya kuazima kabla haijafika Werugha.