Hitilafu za mfumo wa mkanda wa skuta

Skuta nyingi za kisasa hazina cheni wala gia za kubadilisha kwa mguu. Nguvu ya injini hupita kwenye mkanda wa mpira unaozunguka puli mbili zinazobana na kupanuka, kisha kwenye klachi inayoshika yenyewe mzunguko ukiongezeka, na mwisho kwenye gia ndogo za gurudumu la nyuma. Mholanzi Hub van Doorne aliutumia mfumo wa jinsi hiyo katika gari la DAF 600 mwaka 1958.

Injini ikinguruma na skuta isisogee, huenda mkanda umekatika au klachi imelika. Kasi ya juu ikipungua polepole, upimwe upana wa mkanda; ukiwa chini ya kipimo cha mtengenezaji, ubadilishwe. Rola za puli ya mbele nazo hulika upande mmoja zikakwama. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kabureta, na mwenye chombo akalipia kazi isiyohitajika.

Mtetemeko wakati wa kuondoka mara nyingi hutoka kwenye klachi iliyoungua hadi ikang'aa, au iliyolowa oili. Oili hiyo, ambayo hufika hadi kwenye mkanda, ni lazima itafutiwe chanzo, kwa kawaida sili ya kranki au ya gia. Kubadilisha mkanda peke yake ni hasara, kwa kuwa mpya nao utalowa.

Skuta ikijivuta yenyewe bila kuongezewa mafuta, huenda springi za klachi zimelegea au zimekatika. Mvumo wa nyuma unaopanda pamoja na mwendo huashiria beringi iliyolika, au oili ya gia iliyopungua.