Nani Huleta Wachezaji? Kutoka Kamati za Usajili hadi Mkurugenzi wa Soka

Katika dirisha la usajili la mwaka 2015, Yanga walipita Nyanda za Juu Kusini na kuondoka na viungo wawili wa pembeni. Deus Kaseke walimchukua Mbeya City, timu iliyokwishajulikana nchi nzima baada ya kumaliza ya tatu Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Geofrey Mwashiuya walimtoa Kimondo ya Mbozi, timu ya Daraja la Kwanza iliyobeba jina la lile jiwe la Ndolezi lililoanguka kutoka angani. Mbozi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka uliofuata.

Kumjua Kaseke hakukuhitaji ujanja, kwa kuwa alicheza Ligi Kuu mbele ya kila mtu. Kumpata Mwashiuya ni habari nyingine. Lazima mtu afunge safari, au awe na mtu wake Vwawa, mji wa Mbozi, wa kumpigia simu. Swali linalonivutia ni hili: katika klabu zetu, kazi ya kumjua mchezaji kabla hajajulikana imekuwa ya nani?

Ulaya kazi hiyo ina mwenyewe. Italia mkurugenzi wa michezo ni cheo cha miaka mingi, chenye mafunzo na leseni yake pale Coverciano. Hispania mfano unaotajwa zaidi ni Monchi, kipa wa zamani wa Sevilla aliyekabidhiwa usajili wa klabu hiyo mwaka 2000 ikiwa imetoka kushuka daraja. Alimnunua Dani Alves kijana kutoka Bahia ya Brazili, na mwaka 2008 Sevilla ikamuuza Barcelona kwa fedha nyingi. Waingereza walikipinga cheo hicho kwa muda mrefu, maana kwao meneja ndiye alikuwa kila kitu, kama Alex Ferguson na Arsène Wenger walivyokuwa. Tottenham ilimleta Frank Arnesen mwaka 2004, lakini Manchester United haikuwa na mkurugenzi wa soka hadi Machi 2021, ilipompa kazi hiyo John Murtough.

Mtu huyu hufanya nini hasa? Huamua klabu icheze soka la aina gani, huongoza skauti, hujua mikataba inaisha lini, huandaa majina ya watakaorithi kabla pengo halijatokea, na hubaki ofisini kocha anapofukuzwa. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Kwetu kazi hiyo ilishikwa na kamati. Yanga na Simba, zilizoanzishwa miaka ya 1935 na 1936, ziliishi kwa wanachama na wafadhili, na mfadhili aliyetoa fedha ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu nani asajiliwe. Kamati ya usajili ilikuwa na mambo yake: safari za usiku, mchezaji kufichwa hotelini, picha ya jezi gazetini asubuhi. Mwaka 2012 beki Mbuyu Twite alipigwa picha Kigali akiwa na viongozi wa Simba, kisha akatua Dar es Salaam akiwa mali ya Yanga. Mashabiki walicheka mwaka mzima. Kwa klabu iliyotaka kujenga timu, hayakuwa mambo ya kuchekesha.

Aliyeibeba kazi hiyo kwa nguvu kuliko wote upande wa Msimbazi ni Zacharia Hans Poppe, mfanyabiashara wa malori aliyeongoza kamati ya usajili ya Simba kwa miaka mingi, na aliyefariki Septemba 2021. Kwa maneno ya leo, alikuwa mkurugenzi wa soka bila mshahara. Alijua bei, alijua mawakala, na hakuogopa ugomvi. Udhaifu ulikuwa kwamba ujuzi wote huo ulikaa kichwani mwake na kwenye simu yake, na mtu anapoondoka huondoka nao.

Wenzetu wa Lubumbashi walituonyesha njia mapema. Mwaka 2011 TP Mazembe ilikutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikamwona Mbwana Samatta upande wa pili, ikamnunua. Baada ya miaka mitano kijana alikuwa Genk, na Januari 2020 Aston Villa. Simba ilichukua miaka minane kulitumia somo hilo. Mwaka 2019 ilitolewa mapema na UD Songo ya Msumbiji, Luis Miquissone akifunga bao Dar es Salaam. Miezi michache baadaye Miquissone alikuwa amevaa nyekundu, na Agosti 2021 akauzwa Al Ahly. Kutolewa kuligeuka kuwa uskauti, tena wa bei nafuu.

Barabara ya malori ya Lubumbashi inapita Tunduma na kuingia Zambia, na usajili nao una njia zake upande huo. Yanga ilimchukua kocha George Lwandamina ZESCO United mwaka 2016, mwaka huohuo ilipomsajili Mzambia Obrey Chirwa. Clatous Chama alikuja Simba Julai 2018, na Desemba mwaka huo akafunga kwa kisigino bao lililoitoa Nkana ya Kitwe. Kwenye kikosi cha Nkana alikuwamo Mtanzania Hassan Kessy, maana mpaka haupitishi watu upande mmoja tu. Wakafuata Larry Bwalya, Moses Phiri na Kennedy Musonda.

Habari ya Phiri inafundisha zaidi kuliko ya Chama. Alitoka Zanaco mwaka 2022, akaanza msimu chini ya kocha Zoran Maki, akafunga mabao mfululizo mpaka alipoumia Desemba. Januari 2023 akaingia kocha mwingine, Robertinho, na Phiri akawa mtu wa benchi. Januari 2024 akarudishwa Zambia kwa mkopo, Power Dynamos. Mchezaji alikuwa yuleyule. Tangu Chama atue mwaka 2018 hadi Fadlu Davids alipokuja mwaka 2024, Simba ilipitia makocha wakuu wanane, bila kuwahesabu wa muda. Ukisajili kwa matakwa ya kila mmoja wao, utakuwa na vikosi vinane ndani ya chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Klabu zimeanza kubadilika. Mei 2019 Sevilla yenyewe ilikuja Dar es Salaam ikaifunga Simba 5-4, na mwaka uliofuata Yanga ikaingia makubaliano na La Liga kuhusu kubadili mfumo wa uendeshaji. Mwaka 2023 Simba ilimleta Mholanzi Mels Daalder kuongoza idara ya skauti. Upande wa Jangwani, injinia Hersi Said alianza kama mtu wa kampuni ya GSM, mfadhili wa Yanga, aliyesimamia usajili, na Julai 2022 akawa rais wa klabu. Ndiye anayehusishwa na ujio wa kina Fiston Mayele na Stephane Aziz Ki, na kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Mafanikio hayo hayapingiki. Bado naona hatari ileile ya enzi za Poppe: rais anayesajili vizuri ni bahati ya klabu, na bahati haina mkataba.

Sasa turudi Songwe. Songwe United imecheza ligi ya Championship, msimu wa 2024/25 ukiwemo. Klabu ya namna hii haiwezi kumlipa Monchi, wala haimhitaji. Inahitaji mtu mmoja mwenye daftari na kompyuta, kwa sababu mbili ambazo zinaihusu zaidi kuliko klabu ya Kariakoo.

Ya kwanza ni mpaka. Watoto wa Tunduma na wa Nakonde ya Zambia huchangamana kila siku, lakini kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti maalumu. Mojawapo limekaa kama lililoandikwa kwa ajili ya Tunduma: mtoto awe anaishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50, umbali wa nyumbani hadi klabuni usizidi 100, aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Kwa hiyo klabu ya Tunduma inaweza kumsajili kwa halali kijana wa Nakonde, iwapo kuna mtu anayeijua kanuni na kuandika barua zinazohitajika.

Ya pili ni fedha. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mmoja una asilimia 0.25 ya ada yote. Kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Kijana aliyesajiliwa Mbozi tangu miaka 16 hadi 19, akiuzwa siku moja kwa dola milioni 1, anailetea klabu yake ya zamani dola 20,000. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia taasisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo husoma kumbukumbu za usajili zilizomo kwenye mfumo. Kijana aliyecheza misimu minne bila kuandikishwa, kwa mfumo huo hajawahi kucheza Mbozi.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa klabu za Songwe, wa Championship na wa ligi ya mkoa: kabla ya kutafuta mshambuliaji wa dirisha dogo, tafuteni mtu wa kuwaandikisha vijana mlionao, mpeni ofisi, na msimwondoe pamoja na kocha.