Neno la Leo: Ndia

Barabara inayokatiza Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, huitwa Ndia Kuu. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ndia ni njia. Lakini Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa. Ndiyo maana vitabu vya shule huandika njia.

Basi mtoto anayeiona njia akatamka ndia ameisoma vyema, kwa sauti ya kwao. Lakini mwenye disleksia ana shida ya kweli ya kusoma: kuoanisha herufi na sauti humwia vigumu, hata akiwa mwerevu. Mwalimu, sikiliza kabla ya kukemea. Wa kwanza mwambie ana maneno mawili. Wa pili mkatie neno polepole, silabi kwa silabi: nji-a.