Nani Anamvusha Mtoto wa Kikula?

Mtoto wa Kikula, hapa Likasi nchini Kongo, akishamaliza mtihani wa taifa wa kufunga shule ya msingi, anabaki na kiangazi kizima mkononi. Matokeo yakitoka, wenzake watammwagia poda nyeupe kichwani, mama atapika kuliko siku zote, majirani watapita kumpongeza. Baada ya hapo hakuna anayemhitaji mpaka masomo yafunguliwe mwanzoni mwa Septemba. Tunapouliza kwa nini watoto wanakwama mwaka wa saba, ule wa kwanza wa sekondari, tunatazama darasa, ada na Kifaransa. Mimi naanza na miezi hiyo ya katikati, kwa sababu wazee wetu hawakuiacha wazi.

Kwa Walunda na Wachokwe, kiangazi ndicho kilikuwa msimu wa mukanda. Wavulana walitolewa kijijini, wakatahiriwa, wakakaa kambini porini wakifundwa. Victor Turner, aliyeishi na Wandembu, ndugu wa Walunda upande wa Zambia, katika miaka ya 1950, aliandika jambo ambalo wengi hulipita haraka wakikimbilia vinyago vya makishi: mvulana alikuwa na mlezi wake, chilombola, mtu aliyekwisha kupita mukanda mwenyewe. Huyo ndiye aliyemwangalia kidonda na kumletea chakula kutoka kwa mama. Mama hakuruhusiwa kukanyaga kambini, lakini alijua ni nani anayemtunza mwanawe.

Kwa Wabemba, jirani zetu wa Zambia, mtafiti Audrey Richards alishuhudia chisungu, unyago wa wasichana, mwaka 1931 na kuitolea kitabu mwaka 1956. Huko aliyeshika usukani ni nachimbusa, na heshima kati yake na msichana haikuisha ngoma ilipoisha. Pwani ya Waswahili kuna kungwi, ambaye mwari humjua kwa jina na kwenda kwake hata akishakuwa mke wa mtu. Mila hizi hazifanani, na nisingependa kuzichanganya kwenye chungu kimoja. Zinakutana mahali pamoja tu: hakuna mtoto aliyevushwa na umati. Alivushwa na mtu fulani, na mtu huyo aliweza kuulizwa.

Yapo mengi ya kukataa humo. Viboko na vitisho vya kambini sivitaki kwa mtoto yeyote, na mafunzo yanayomwandaa msichana kwa ajili ya mume kabla hajajua anachotaka mwenyewe yamewakatisha wengi safari. Nisemalo ni kwamba shule ilipochukua nafasi ya mila hizo, ilichukua msimu na kuuacha mtupu, na yule mlezi haikumweka mwingine mahali pake.

Likasi ilijaribu njia nyingine kabla yetu. Ilipokuwa bado inaitwa Jadotville, kampuni ya madini ya Union Minière iliwachukua wafanyakazi wake tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: nyumba ya kambini, posho, zahanati, na shule zilizokabidhiwa wamisionari Wabenedikto. Kampuni ilimjua kila mtoto wa kambi zake za Panda na Shituru kwa namba ya baba yake, kwa hiyo kupotea kati ya shule moja na nyingine kulikuwa kugumu. Lakini aliyemvusha ndiye aliyechagua ng'ambo. Wavulana wengi walielekezwa karakana, wasichana kwenye kushona na utunzaji wa nyumba, na mlango wa elimu ya juu ukabaki mwembamba. Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali ikawa ya taifa na jina likaja kuwa Gécamines. Watoto wa kambi waliendelea kusoma bila baba kuhesabu noti. Kisha miaka ya 1990 ikaja na njaa yake, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba aliyezoea kampuni imalize kila kitu alijikuta siku moja ndiye kampuni. Kikula, ambako wengi hawakuwahi kuwa na kivuli hicho, ilikuwa imekwisha kuzoea.

Sheria ya mwaka 2014 inasema elimu ya msingi Kongo ni miaka minane, yaani mwaka wa saba na wa nane ni mwendelezo tu wa mwaka wa sita. Kwenye karatasi hakuna mto wa kuvuka. Lakini tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haina ada, na kwa vitendo msamaha huo ulikomea mwaka wa sita. Mzazi aliyepumua miaka michache anakutana na minervali, ada ya sekondari, palepale ambapo sheria inamwambia hapajabadilika kitu.

Na mtoto? Hadi juzi alikuwa na Mwalimu mmoja aliyejua kwamba mama yake anauza unga sokoni na kwamba akinyamaza ni mgonjwa. Sasa kengele inalia, Prof anatoka, mwingine anaingia. Somo la hesabu alilolijua limepasuka kuwa aritimetiki, aljebra, jiometria na takwimu; sayansi imekuwa anatomia, botania, zuolojia na fizikia. Kila moja na daftari lake, na kila daftari lina bei. Swali alilozoea kuuliza kwa Kiswahili sasa lazima liulizwe kwa Kifaransa mbele ya watu hamsini wasiomjua, basi haliulizwi. Mtoto wa miaka kumi na miwili ananyamaza mbele ya walimu kumi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ukimya huo ni mpya.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao. Kenya ilifupisha safari yenyewe. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwanzoni mwa mwaka huohuo kundi la kwanza la darasa la saba la mtaala mpya liliingia sekondari ndogo ndani ya uwanja uleule wa shule ya msingi. Uamuzi huo naupenda kwa nusu. Mtoto habadilishi njia, na mdogo wake yuko darasa la jirani. Lakini walimu wa kufundisha masomo hayo walikuwa wachache, na kubaki mahali pamoja hakumpi mtoto mtu wa kumwendea. Tanzania, ambako ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, ukuta mkubwa umekuwa lugha: miaka saba ya Kiswahili, kisha Kiingereza kwa ghafla. Shule huwapa kidato cha kwanza kozi fupi ya lugha mwanzoni mwa mwaka. Heri kuwa nayo kuliko kuikosa, ila inakuja mtoto akiwa amekwisha kufika, amekwisha kuogopa.

Kiangazi cha Likasi hakimngoji mtu. Kwenye machimbo kama Kamatanda, kando ya mji, watoto wameonekana miaka mingi wakiokota, wakibeba na kuosha mawe ya shaba na kobalti. Mvulana aliyefaulu mwezi wa saba anaweza kushika pesa yake ya kwanza mwezi wa nane, na Septemba akamuuliza baba yake swali gumu: shule inanilipa nini? Msichana huachiwa mdogo wa mgongoni na meza ya kuuzia sokoni, na meza huwa haijui tarehe ya kufungua masomo.

Kinachohitajika tayari kimo mjini. Maparokia yana Kiro, Xaveri na Skauti, vikundi vinavyopiga kambi wakati wa likizo kubwa, na viongozi wao wengi ni vijana wa sekondari waliokwisha kuupita mwaka wa saba. Ni watoto wa barabara zilezile za Kikula. Mkuu wa shule ya msingi anayo orodha ya waliofaulu. Prefe, yaani mkuu wa sekondari, anayo orodha ya walioandikishwa. Orodha hizo mbili zilinganishwe kabla mwezi wa saba haujaisha, na mbele ya kila jina liandikwe jina la mwanafunzi wa mwaka wa nane au zaidi anayekaa karibu. Kazi yake iwe ndogo na ya wazi: kumtembelea mara moja kwa wiki hadi Septemba, kumwonyesha madaftari yake ya mwaka wa saba, kumsomesha kwa Kifaransa maswali machache ambayo Prof huyauliza kila siku, kwenda naye siku ya kwanza. Atakapokosa kumkuta nyumbani mara mbili, amwambie prefe, na prefe amtume mtu kwa wazazi wakati bado ni mwezi wa nane, kabla pesa ya mawe haijawa mazoea.