Fafanuzi: Mafunzo ya usalama kabla ya leseni ya bunduki, kutoka Nakivale hadi ughaibuni

Nchini Uganda, kumiliki bunduki ni ruhusa inayotolewa na polisi baada ya kumchunguza mwombaji. Ruhusa hiyo inakwenda sambamba na mafunzo ya kuishika silaha na kuitunza. Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa wasikilizaji wetu wa Rugaaga, Nakivale na Mbarara, pamoja na ndugu zao waliopewa makazi mapya nchini Australia na Kanada, ambako masharti ni tofauti.

Mambo muhimu

• Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ni ya mwaka 1970. Mwenye mamlaka ya kutoa vibali ni Inspekta Jenerali wa Polisi.
• Mwombaji anapaswa kuwa na umri wa miaka 25 au zaidi, awe na akili timamu na asiwe mlevi.
• Bunduki za kivita, kama vile AK-47, hazipewi raia.
• Askari wa kampuni ya ulinzi si mmiliki wa bunduki anayobeba kazini.
• Australia haikubali kujilinda kuwa sababu ya kuomba leseni.

Kwa nini jambo hili linawagusa watu wa Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi barani Afrika. Yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko nyumbani kwao. Leo yanawahifadhi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Wengi wao wanaijua bunduki kwa upande mmoja tu, upande wa mtutu.

Jirani zao wenyeji wa Rugaaga na vijiji vya Isingiro wanaishi katika ukanda wa wafugaji, ambako hofu ya wezi wa ng'ombe haiishi. Mjini Mbarara kuna mabenki, maduka ya jumla na vituo vya mafuta vinavyolindwa na askari wenye silaha. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kushika bunduki, na amefundishwa nini, ni swali la maisha ya kila siku.

Sheria ya Uganda inataka nini

Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, hakuna anayeruhusiwa kununua, kuhifadhi au kutembea na bunduki au risasi bila cheti kinachotolewa kwa jina lake. Ombi hupelekwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, makao makuu yakiwa Naguru, Kampala. Lakini safari ya ombi hilo huanzia kijijini. Viongozi wa serikali ya mtaa, polisi wa wilaya na maofisa wa usalama huulizwa: mtu huyu ni nani, anaishi vipi na majirani zake, na kwa nini anataka silaha?

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuwa na fedha za kununua bastola hakutoshi. Mtu anayejulikana kwa ugomvi nyumbani, kwa ulevi au kwa maradhi ya akili anaweza kukataliwa hata kama ana mali nyingi. Na aliyekubaliwa hapewi ruhusa ya milele: kibali kina muda wake, huhuishwa, na polisi wanaweza kukifuta na kuichukua silaha.

Aina ya silaha nayo ina mipaka. Uganda ni mshirika wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi katika eneo la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama zipige marufuku raia kumiliki bunduki za rashasha na nyinginezo za aina ya kijeshi.

Ukaguzi uliongezwa baada ya mauaji yaliyoitikisa nchi, yakiwemo ya ofisa mwandamizi wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwezi Machi 2017 na ya mbunge Ibrahim Abiriga mwezi Juni 2018. Akilihutubia Bunge tarehe 20 Juni 2018, Rais Yoweri Museveni aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za utambulisho. Kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi. Alama hizo zikiwa zimehifadhiwa, wachunguzi wanaweza kulinganisha risasi iliyookotwa mahali pa uhalifu na bunduki iliyoitoa.

Mafunzo yanafundisha nini

Watu wengi hudhani mafunzo ya bunduki ni kujifunza kulenga shabaha. Kulenga ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kujifunza namna ya kutoua mtu kwa bahati mbaya, na kanuni zake zinafanana duniani kote:

• Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama aliyekupa amekuhakikishia kuwa ni tupu.
• Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichokusudia kukipiga, hata kwa mzaha.
• Kidole kisiguse kifyatuo mpaka uwe umeamua kupiga.
• Jua kilicho mbele na nyuma ya shabaha, kwa kuwa risasi hupenya ukuta wa udongo, mlango wa mbao na hema.

Mwanafunzi hufundishwa pia kuhakikisha kuwa bunduki ni tupu. Kwanza huondoa magazini, kisha hufungua chemba na kuitazama kwa macho. Mpangilio huu ni muhimu. Mtu akiondoa magazini peke yake, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, na hiyo moja inatosha kuua.

Somo linalofuata ni la kuhifadhi. Bunduki hufungiwa ndani ya sefu ikiwa tupu, na risasi huwekwa mahali pengine penye kufuli. Kuiweka chini ya godoro au juu ya kabati si kuihifadhi. Watoto huzijua sehemu hizo kabla ya wezi.

Askari wa kampuni za ulinzi

Kwa kijana wa Isingiro au Mbarara, nafasi ya karibu zaidi ya kushika bunduki kihalali ni kazi ya ulinzi. Kampuni hizi husimamiwa na polisi chini ya kanuni za mwaka 2013. Kampuni ndiyo inayopewa leseni, na ndiyo yenye wajibu wa kuwafunza askari wake na kuzihesabu silaha zake.

Askari anapaswa kuelewa mambo matatu. Kwanza, bunduki hiyo ni ya zamu yake tu. Kwenda nayo nyumbani au kumwazima mwenzake kunaweza kumfikisha mahakamani. Pili, ana haki ya kukataa kupokea silaha ambayo hajafundishwa kuitumia. Tatu, hasira na silaha havikai pamoja. Tarehe 2 Mei 2023, waziri wa nchi Charles Engola alipigwa risasi na kuuawa na mlinzi wake mwenyewe, mwanajeshi, na tukio hilo liliibua mjadala kuhusu afya ya akili na malipo ya wale wanaokabidhiwa bunduki. Kujua kulenga hakumfanyi mtu aaminike siku amani ya moyo inapomtoka.

Mkimbizi na silaha

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasifiwa kwa kumpa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi na kutembea nchini. Sheria hiyohiyo inamtaka atii sheria zote za nchi iliyompokea. Kimataifa, makazi ya wakimbizi yanapaswa kubaki mahali pa kiraia na pa kibinadamu, pasipo wapiganaji wala silaha zao. Kanuni hii inawalinda wakimbizi wenyewe: kambi yenye bunduki hugeuka shabaha.

Adhabu ya kukutwa na silaha isiyo na kibali ni nzito. Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua tarehe 31 Januari 2025 kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kulikwenda kinyume na Katiba. Hata hivyo, katikati ya mwaka huohuo sheria ya jeshi ilirekebishwa na kuruhusu tena mashtaka hayo katika mazingira fulani, yakiwemo ya kukutwa na silaha za kijeshi. Kwa familia inayosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, kesi ya namna hiyo inaweza kuwa kikwazo kikubwa wakati wa uchunguzi wa kiusalama.

Kwa waliohamia Australia na Kanada

Nchini Australia, sheria za sasa zina mizizi katika mauaji ya Port Arthur ya tarehe 28 Aprili 1996, ambapo watu 35 waliuawa. Makubaliano ya kitaifa ya mwaka huo yaliweka masharti ya leseni, mafunzo ya usalama, usajili wa kila bunduki, uhifadhi salama na siku 28 za kusubiri kabla ya kununua. Serikali ilinunua na kuharibu zaidi ya bunduki 640,000. Mwombaji anahitaji sababu halali, kama vile kazi ya shamba, uwindaji au uanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Majimbo hubadilisha masharti yao, kwa hiyo uliza polisi wa jimbo lako kabla ya kulipia kozi.

Nchini Kanada, hatua ya kwanza ni kozi ya usalama wa silaha yenye mtihani wa maandishi na wa vitendo. Alama ya kufaulu ni asilimia 80 katika kila mmoja. Kozi hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa, jambo linaloweza kuwanufaisha waliosoma Kongo au Burundi. Baada ya hapo polisi huchunguza historia ya mwombaji, na mke au mume wake hujulishwa kuhusu ombi hilo. Anayeomba kwa mara ya kwanza husubiri angalau siku 28.

Ukikuta silaha

Ukiona bunduki, bomu la mkono au risasi shambani, ziwani au njiani, usiiguse wala usiibebe kuipeleka kituoni, hata kwa nia njema. Weka alama umbali salama, wazuie watoto wasikaribie, kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji, polisi walio karibu au ofisi ya makazi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nambari za dharura za polisi Uganda ni 999 na 112.