Feza ya watu na vidonda vya moyo vya polisi



Leo tunashika jambo ambalo huwakasirisha watu. Tukisema kwamba polisi naye anaweza kuwa na kidonda cha moyo, na kwamba serikali inapaswa kutoa feza ili atunzwe, mtu aliyepigwa kwenye barieri anauliza: «Na mimi je? Aliyenipiga atunzwe mbele yangu?» Swali hilo ni la haki, wala hatutalificha. Tutalipeleka kwanza katika historia, tuone wengine walilijibu namna gani, kisha tutalirudisha nyumbani.

1. Ugonjwa uliokosa jina

Katika vita kuu ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, waganga wa Ulaya waliona askari ambao mwili wao ulikuwa mzima lakini walitetemeka, walishindwa kusema, walipiga kelele usiku. Mwaka wa 1915 mganga mmoja Mwingereza, Charles Myers, aliandika juu yao katika gazeti la waganga. Lakini wakubwa wengi wa jeshi waliona woga tu. Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga. Mwaka wa 2006, miaka karibu 90 baadaye, serikali ya Uingereza iliwasamehe 306 kati yao. Wengine walikuwa wagonjwa. Msamaha uliwakuta kaburini.

Babu zetu pia walikuwa katika vita hiyo. Force Publique, iliyokuwa jeshi na polisi kwa pamoja, iliingia Tabora mnamo Septemba 1916, na wapagazi wengi sana walikufa njiani kwa njaa, magonjwa na mzigo. Askari waliorudi walitumwa tena vijijini kusukuma watu kwenye kazi na kodi. Mtu aliyetoka kuona vifo alipewa fimbo na kuambiwa asimamie wenzake. Tukumbuke hilo tunapouliza ukali wa mtu mwenye uniformu ulianza wapi.

Ugonjwa wenyewe ulipata jina rasmi mwaka wa 1980, wakati waganga wa Marekani walipouandika katika kitabu chao cha magonjwa ya akili, baada ya kusukumwa sana na askari waliotoka vita ya Vietnam. Sisi tunauita kidonda cha moyo. Dalili zake mnazijua, kwa maana wengi wenu mnazo: kuota jambo lilelile, kushtuka mlango ukigongwa, hasira ya ghafula, kukimbilia pombe, kujitenga na watoto. Sasa fikirini mtu mwenye dalili hizo akiwa na bunduki mkononi na uwezo wa kukutia kasho.

2. Ireland ya Kaskazini

Tuchukue nchi moja iliyopitia jambo hili waziwazi. Ireland ya Kaskazini iko chini ya Uingereza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi mapatano ya amani ya tarehe 10 Aprili 1998, watu wake walipigana. Waliokufa wanapita 3,500. Polisi wa huko waliitwa Royal Ulster Constabulary, kwa kifupi RUC, na waliundwa mwaka wa 1922. Karibu wote walikuwa Waprotestanti. Wakatoliki walikuwa kama 8 kwa mia tu. Kwa hiyo Wakatoliki wengi hawakuwaita polisi wetu, waliwaita polisi wao. Walilalamika kwamba walipigwa, walifungwa bila haki, na kwamba waliouawa hawakufanyiwa uchunguzi wa kweli.

Lakini polisi hao nao walikuwa wakifa. Zaidi ya 300 waliuawa katika miaka hiyo. Tarehe 28 Februari 1985, katika mji wa Newry, bomu zilirushwa juu ya kituo cha polisi na kuua tisa kwa mara moja. Polisi alichungulia chini ya gari lake kila asubuhi kabla ya kupeleka watoto shule. Aliokota vipande vya watu barabarani, na kesho yake alirudi kazini. Kusema «nimeumia moyo» ilikuwa haya. Mwaka wa 1986 RUC ilianzisha ofisi ya afya ya wafanyakazi wake, lakini wengi waliogopa kuonekana wakiingia humo, wasije wakanyang'anywa bunduki na cheo. Baadaye maelfu ya polisi waliwashtaki wakubwa wao kortini kwamba hawakulindwa na ugonjwa huo. Hukumu ilitolewa Belfast mwaka wa 2007, na hawakupata yote waliyoomba. Kwa njia hiyo kila mtu alijifunza kwamba kidonda kisichotunzwa mapema hakimalizi gharama. Kinaisogeza mbele tu, na kinaiongeza.

Baada ya mapatano ya 1998, kamati iliyoongozwa na Chris Patten iliombwa kuchunguza namna ya kubadili polisi. Ripoti yake ilitoka Septemba 1999, yenye mashauri 175. Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo funzo lilipo. Kazi ya kubadili polisi ilikwenda kwa miguu mitatu.

Mguu wa kwanza ulikuwa tiba. Feza ya serikali ilitolewa kwa chama cha kutunza polisi na wale waliotoka kazini, ili wapate waganga wa moyo na wa mwili na kujifunza kazi nyingine. Mfuko mwingine uliwekwa kwa polisi walioumizwa, wajane wao na familia zao.

Mguu wa pili ulikuwa mashtaka. Novemba 2000 ilifunguliwa ofisi ya kupokea malalamiko ya raia juu ya polisi, nayo haikuwa chini ya polisi. Raia aliyepigwa hakulazimika tena kwenda kumshtaki mtu mbele ya rafiki zake.

Mguu wa tatu ulikuwa kuwashirikisha watu wote. Novemba 2001 RUC ikawa Huduma ya Polisi ya Ireland ya Kaskazini. Baraza lenye wanasiasa na raia liliwekwa kuwauliza polisi juu ya kazi yao na feza yao. Kwa miaka kumi, kati ya vijana waliopokelewa, nusu walikuwa Wakatoliki. Mwaka wa 2011 walikuwa wamefika karibu 30 kwa mia.

Je, raia walioumizwa walitunzwa vilevile? Hapa historia yao ina aibu. Tarehe 15 Agosti 1998 bomu liliua watu 29 katika mji wa Omagh. Kituo cha kutunza vidonda vya moyo kilifunguliwa humo mwaka wa 2002, kikafanya kazi nzuri, kisha kikafungwa mwaka wa 2011. Na raia waliobaki vilema kwa sababu ya vita walingoja hadi Agosti 2021 ndipo mlango wa kuomba malipo yao ukafunguliwa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Basi mama anayeuliza «na mimi je?» ana ushahidi hata katika nchi tajiri. Asinyamaze.

3. Turudi nyumbani

Polisi wetu wamebadilishwa jina mara nyingi. Mwaka wa 1972 Mobutu aliingiza polisi wa taifa ndani ya gendarmerie. Mwaka wa 1984 akaongeza Garde civile. Mwaka wa 2002 ikaanzishwa Police nationale congolaise, nayo ikapewa sheria yake mpya tarehe 11 Agosti 2011. Ndani yake wameingia watu waliotoka upande huu na upande ule wa vita. Kubadili uniformu ni kazi ya siku moja, lakini moyo ulio ndani yake una miaka yake.

Na tusisahau Septemba 1991 na Januari 1993. Askari waliokuwa hawalipwi vizuri walipora miji, na raia wakajifunza kumwogopa mwenye bunduki kuliko mwizi. Kwa hiyo tusidanganyane: kumpa polisi mganga wa moyo bila kumpa mshahara ni kumwekea mgonjwa kitambaa juu ya msumari ulio bado mguuni. Mshahara unaofika ni dawa ya kwanza.

Wengine watasema: feza itoke kwa wazungu. Tumekwisha kuona njia hiyo. Miaka ya nyuma polisi wa karibu na watu walijaribiwa Bukavu, Kananga na Matadi kwa feza ya Uingereza. Mradi wa mgeni una siku ya kuanza na siku ya kufungwa. Jambo lililoandikwa katika budjeti ya taifa, hilo wabunge wanaweza kuliuliza kila mwaka: mlipanga ngapi, mlitoa ngapi, nani alitunzwa?

Wala haihitaji majumba makubwa. Inahitaji mtu aliyefundishwa kusikiliza, asiye mkubwa wa kazi wa yule anayesema. Inahitaji siri. Inahitaji sheria kwamba polisi mgonjwa anaweka bunduki pembeni kwa muda bila kupoteza mkate wa watoto wake. Na mlango huohuo, au ulio jirani nao, uwe wazi kwa mama aliyekimbia na watoto. Januari 2025 vita ilipoingia Goma, na Februari Bukavu, familia zilihama tena, nyingine kwa mara ya tatu au ya nne. Vidonda hivyo havina uniformu.

Ndugu zangu, kutibu si kusamehe. Aliyebaka, aliyeua, aliyenyang'anya, njia yake ni korti, hata kama ni mgonjwa. Mganga atamkuta huko. Tunayemsema hapa ni polisi atakayesimama kesho usiku kwenye njia ya maji, binti yako akipita. Unataka alale vizuri leo, au asilale? Feza ya kumtunza yeye ni ulinzi wa binti huyo. Lakini tukubali tu ikiwa miguu yote mitatu inatembea pamoja: tiba, mashtaka, na raia kuuliza hesabu. Mguu mmoja peke yake utatuangusha.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

Mtu aliyepigwa na polisi katika mtaa wetu, anaweza kushtaki wapi bila kuogopa?

Nani kati yetu anajua kusikiliza watu wenye vidonda vya moyo, na tunamsaidia namna gani?

Wabunge wa jimbo wakija, tutawauliza nini juu ya mishahara na utunzaji wa polisi, na juu ya utunzaji wetu sisi tuliohama?

Mwenye kusoma amsomee asiyejua kusoma. Amani ikae kwenu.