Hisabati ya Sekondari Garissa

Hesabu ilikuwepo Garissa kabla ya shule za sekondari. Kwa wafugaji Waislamu, zaka ya ngamia 5 ni mbuzi mmoja. Wakifika 25, ni mtamba wa ngamia aliyetimiza mwaka. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane wa aliyeacha watoto hupata 1/8. Hizo ni hesabu za sehemu zenye uzito wa haki.

Shuleni, hisabati ya kisasa iliyosisitiza seti ilifutwa Kenya mwaka 1981. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza 1985, somo likawa la lazima hadi mtihani wa KCSE mwishoni mwa sekondari. Mashambulizi ya kigaidi ya 2014 na 2015 yaliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji kaskazini mashariki, hasara kubwa mno kwa wanafunzi. Mtaala mpya umetenga hisabati ya kina kwa wanafunzi wa sayansi, na ya matumizi kwa wengine.